Nyumba Iliyosimama

Mchoro wa kwanza niliuchana mwenyewe.
Ulikuwa na ngazi ya vidato ishirini na tatu
na baba ana goti moja tu linalomtii.

Kiwanja chetu kimeliegemea ziwa Duluti
kama mtu aliyesinzia kwenye benchi la zahanati:
ukimgusa kidogo, anateleza.
Mwaka ule walijenga ukuta wa mawe,
baba na fundi Sifaeli, wiki tano,
saruji ya kukopa kwa mama Akyoo pale Tengeru.
Masika ikaja. Usiku mmoja tu
ukuta ukashuka na migomba sita na choo,
na asubuhi tukaiona kofia ya baba
inaelea kule chini, imetulia,
kama ya mtu anayeoga.

Tangu hapo anasema ardhi imekataa.
Mimi nasema haikuulizwa.

Nikarudi Aprili nyingine na vigingi,
uzi wa mshonaji, koti la mvua la kaka,
nikasimama mtelemkoni kutwa nzima
kuangalia maji yanapita wapi.
Majirani walidhani nimefiwa.
Maji hayana papara tunayoyasingizia.
Yalishuka kando ya mgrevilea,
yakagawanyika kwenye jiwe jeusi,
yakakutana tena chini ya masale ya bibi,
kila mvua palepale,
kama ng'ombe anayelijua zizi lake.
Nikapiga kigingi kila mahali yasipopita.
Jioni vilikuwa kumi na kimoja.
Hiyo ndiyo nyumba, nikajiambia.
Imebaki kuipandisha hewani.

Nguzo kumi na moja za mkaratusi,
kila moja na kimo chake:
mita moja kule juu, mita nne kasoro upande wa ziwa,
miguu imevaa viatu vya chuma juu ya zege
ili mchwa wakija wapige hodi kwanza.
Sakafu ya msonobari. Vyumba vitatu.
Paa nimelichomoza mno, najua,
lakini mvua ya hapa haishuki wima,
inaingia ubavuni, kama mwenye umbea.

Mama hakuuliza habari ya nguzo.
Aliuliza moto.
"Jiko la kuni juu ya mbao, mwanangu?"
Nikafuta. Nikalijengea chumba cha tofali
upande wa juu, kwenye udongo,
hatua nne kutoka mlangoni.
"Nane," akasema. "Cheche zina miguu."
Nikaandika nane.

Baba aliugeuza mchoro juu chini,
akaurudisha.
"Hiki ni kichanja cha vyombo.
Nyumba hukaa. Hii yako imesimama,
kama mgeni ambaye hajapewa kiti."
Akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Wiki mbili hakuutaja.
Siku ya kumi na tano, tukimenya ndizi, akasema:
"Mdogo wako Anaseli anajifungua Julai.
Kitovu cha mtoto tutakizika wapi? Hewani?"

Sikuwa na alama ya kitovu.
Nilikuwa na alama ya mlango, ya dirisha, ya bomba.
Nikamwonyesha daraja badala yake:
barabara iko juu, mlango uko juu,
katikati mbao tisa, tambarare,
hakuna kidato hata kimoja.
Akalipima kwa kidole gumba.
"Na fimbo inapita?"
"Inapita. Niliipima ukiwa umelala."

Akanyamaza. Ziwa nalo.
Kisha akachukua penseli, akaishika kama panga,
akachora kitu chini ya sakafu,
kati ya nguzo ya nne na ya tano.
Nilidhani ni mtu. Kilikuwa mgomba.

"Hapo hautapata mvua, baba."
"Basi uletee maji," akasema.
"Si ulisema unajua yanakopita?"